Ukuta wa studio ya nyumbani: mimi nilianza na sponji, wewe anza na tundu

Leo somo ni refu kidogo, ila linagusa mfuko. Ni kwa wote wanaouza kwa sauti na video: unayerekodi matangazo, unayeuza nguo laivu usiku, unayefundisha mapishi mtandaoni, hata wewe unayetuma voisi noti kwa wateja wa jumla. Soma mpaka mwisho kabla hujanunua chochote cha kubandika ukutani.

Mimi nipo Mikumi. Kwetu kwa asili ni Vidunda, kule mlimani, lakini biashara naifanyia mjini, hatua chache kutoka barabara kuu. Naandaa matangazo ya spika, yale unayoyasikia sokoni na kwenye bodaboda: "Mama njoo, baba njoo, bei ya kutupa!" Mteja ananitumia maelezo WhatsApp, narekodi, namtumia faili, ananilipa kwa simu. Tangazo moja nilikuwa nafanya kwa 15,000.

Sasa siku moja nikapata oda kubwa kuliko zote. Mteja wa Kilosa mwenye maduka ya vifaa alitaka matangazo 12. Hiyo ni 180,000. Akanitumia nusu kabisa, 90,000. Nikarekodi siku mbili, nikatuma. Jioni akapiga simu, wala hakugomba, akasema tu: "Dada, hii sauti kama uko kisimani, halafu nyuma kuna lori linapita. Nirekebishie au unirudishie hela yangu."

Hela yenyewe nilishaitumia. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

KOSA LANGU LA 185,000

Nilikopa 300,000 kwenye kikoba chetu, marejesho miezi mitatu. Nilikuwa nimeona picha za studio mtandaoni, kuta zote zimejaa sponji nyeusi. Nikasema tatizo langu ni hilo, sina sponji. Nikanunua sponji za 130,000, gundi ya 25,000, na pale zilipopungua nikajazia trei za mayai za 30,000. Jumla 185,000. Chumba kikapendeza, hata wateja niliowatumia picha wakanisifu.

Nikarekodi. Ile sauti ya kisimani ikapungua sana. Lakini lori? Lori lipo vilevile. Injini inaguruma, breki zinapiga, na jogoo wa jirani juu yake. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu mkononi nilibaki na 115,000, mteja anadai 90,000, na kikoba hakijui habari za malori.

Kesho yake nikamwita fundi mmoja mtu mzima aliyejenga nyumba nyingi mtaani kwetu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe." Hakuangalia sponji hata kidogo. Alinyanyua macho juu, pale ukuta unapokutana na mabati, akaniuliza: "Usiku ukiwasha taa humu, mwanga unatokea wapi?"

Nikamwonyesha. Juu ya ukuta kulikuwa na uwazi wa kama sentimita 10, urefu wote wa chumba. Chini ya mlango, kidole kinapita. Dirisha, mbao na wavu tu. Akasema: "Unapotokea mwanga ndipo anapoingilia lori."

Kuanzia hapo nikaacha kununua, nikaanza kujifunza. Haya ndiyo niliyoyapata.

SOMO LA 1: KUZUIA KELELE NA KUTULIZA MWANGWI NI KAZI MBILI TOFAUTI

Wengi tunachanganya hapa na ndipo hela inapopotelea.

Kuzuia kelele ni kuifanya sauti ya nje isiingie, na ya ndani isitoke. Hiyo inafanywa na vitu vizito visivyopitisha hewa: tofali, plasta, udongo, mbao nene.

Kutuliza mwangwi ni kuifanya sauti yako mwenyewe isigonge ukutani na kurudi kwenye maiki. Hiyo inafanywa na vitu laini vinavyopitisha hewa: mablanketi, nguo, mapazia mazito, magodoro, sponji.

Jaribu hivi: weka sponji mdomoni, pulizia. Hewa inapita. Kinachopitisha pumzi kitapitisha na sauti, maana sauti ni hewa inayotikisika. Trei za mayai nazo ni karatasi nyepesi. Zinavunja mwangwi kidogo wa sauti nyembamba, lakini lori haziliwezi. Na kwa huku kwetu, mchwa na panya wanazipenda kuliko wewe unavyozipenda.

Jambo la mwangwi lilipimwa zamani sana. Mwaka 1895, mwalimu wa fizikia wa Chuo cha Harvard, Marekani, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao mtu akiongea maneno yanajirudia mpaka hayaeleweki. Alichofanya ni kuazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anaiingiza usiku kidogo kidogo na kupima sauti inachukua muda gani kufifia. Mito ikiongezeka, mwangwi unapungua. Hakuwa na sponji za picha za Instagram. Alikuwa na mito ya viti. Likumbuke hilo unapotazama mzigo wako wa mitumba.

SOMO LA 2: UKUTA UNAPIMWA KWA UZITO

Kanuni kubwa ni hii: ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, kelele inayopita inapungua kwa kama desibeli 6. Desibeli ndicho kipimo cha sauti, na ikipungua 10, sikio linaisikia kama imebaki nusu. Kwa hiyo tupime kila ukuta kwa kilo za kila mita moja ya mraba.

Bati la geji 30: kama kilo 2 na nusu tu. Ndiyo maana kibanda cha bati hakifai kurekodia, na mvua ikinyesha bati lenyewe linageuka ngoma.

Jipsamu ya silingi, ile nyembamba: kilo 6 hadi 7. Peke yake ni nyepesi. Inafaa ukiipiga tabaka mbili, nitaeleza chini.

Tofali la kuchoma la upana wa sentimita 11: kama kilo 180 hadi 200. Ukipiga plasta pande zote mbili, huo ni ukuta mzuri kabisa kwa kazi zetu.

Bloku za saruji: ni nzito pia, lakini bila plasta zina vitundu vidogo vidogo vinavyopitisha sauti. Nyumba nyingi za kupanga zina bloku tupu. Plasta ya upande mmoja tu inaleta tofauti unayoisikia kwa sikio. Kama ni bloku zenye matundu katikati na bado unajenga, jaza mchanga kwenye matundu.

Ukuta wa miti na udongo wa sentimita 15: unaweza kufika kilo 240. Ndiyo, umesoma vizuri. Nyumba ya bibi yangu Vidunda, ambayo mimi nilikuwa naionea aibu, ina ukuta mzito kuliko chumba changu cha tofali cha mjini. Nilipokwenda kumsalimia nikarekodi tangazo moja ndani kwake kwa majaribio. Udongo unazuia, na sura yake isiyonyooka inavunja mwangwi. Shida ya nyumba ile ni juu tu, pale paa linapoacha uwazi. Kwa hiyo wewe uliyeko kijijini usiseme huna studio. Unao ukuta, umebakiza kuziba.

Neno la tahadhari: kanuni ya uzito inafanya kazi vizuri zaidi kwa sauti nyembamba, kama honi, watoto na jogoo. Mngurumo mzito wa injini ya lori ni mgumu kuuzuia kwa ukuta wowote wa bei yetu. Utapungua, hautaisha. Fundi akikuahidi ukimya kabisa, muulize ameujaribu wapi.

SOMO LA 3: TUNDU DOGO LINAUA UKUTA MZIMA

Hapa ndipo nilipoelewa swali la yule mzee. Tufanye hesabu pamoja.

Ukuta wangu una urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu. Eneo ni mita za mraba 7.5. Uwazi wa sentimita 2.5 tu juu yake, urefu wote, ni mita za mraba 0.075. Hiyo ni asilimia 1 ya ukuta. Unaona ni ndogo? Kwa asilimia 1 hiyo, hata kama ukuta uliobaki ungezuia kila kitu, kelele itapungua kwa desibeli 20 tu, basi. Mimi nilikuwa na sentimita 10, yaani asilimia 4. Hapo unaambulia kama desibeli 14.

Tuseme lori linapita kwa desibeli 80 barabarani. Toa 14, chumbani kwako linabaki 66. Mtu akiongea kawaida ukiwa mita moja kutoka kwake ni kama 60. Yaani lori lilikuwa linaongea kuliko mimi, ndani ya chumba changu mwenyewe, na ukuta wa tofali nilikuwa nao! Sponji za 130,000 nilizibandika kwenye ukuta ambao haukuwa na kosa lolote.

Kipimo ni bure. Usiku, mwache mtu ndani na tochi kali, wewe toka nje, zunguka nyumba. Kila panapotoka mwanga weka alama ya chaki. Hizo alama ndizo orodha yako ya manunuzi.

SOMO LA 4: 115,000 ILIYOBAKI NILIIPELEKA WAPI

Saruji mifuko miwili: 36,000. Mchanga: 10,000. Fundi: 30,000. Akajenga vipande vya tofali kufunga uwazi wa juu mpaka kwenye mabati, akasawazisha kwa udongo wa saruji, na kupiga plasta ukuta unaoelekea barabarani, kwa nje.

Mbao: 18,000. Tukatengeneza kizibo cha dirisha, yaani fremu ya mbao inayoingia kwenye dirisha kwa kubana, imejazwa mbao nene na zulia kuukuu. Narekodi, naiweka. Nikimaliza, naitoa hewa iingie. Mlango wangu ulikuwa ule mwepesi wenye uwazi ndani, tukaupigilia mbao za zamani upande wa ndani ili uwe mzito.

Tyubu kuukuu na misumari: 6,000. Tyubu tulikata vipande vyembamba tukazungushia fremu ya mlango, ukifunga unabana kama kifuniko cha chupa. Chini ya mlango tukaweka kizingiti cha mbao na tyubu juu yake.

Mablanketi mawili ya mitumba: 15,000. Nikayatundika nyuma yangu na ubavuni, sio kugusa ukuta, bali yameachiwa nafasi ya kiganja. Kitambaa kilichoachiwa hewa nyuma yake kinatuliza sauti nene vizuri kuliko kilichobandikwa. Sponji nyembamba ya sentimita 2 inakula sauti nyembamba tu, ndiyo maana vyumba vingine vinasikika kama mtu anaongea ndani ya boksi.

Jumla 115,000. Nikabaki sina hata mia.

SOMO LA 5: UKIWA NA UWEZO ZAIDI

Kama unapanga na ukuta kati yako na jirani ni mwembamba, kuna njia ya ukuta wa pili. Unasimamisha fremu ya mbao mbele ya ukuta wa zamani bila kugusana nao, hata kwa sentimita mbili. Ndani ya fremu unajaza kitu laini chenye nyuzi. Halafu mbele unapiga jipsamu tabaka mbili, maungio ya tabaka la kwanza yasikutane na ya pili, na pembeni kote unaziba. Siri ni kutogusana. Sauti husafiri ndani ya kitu kigumu, msumari mmoja unaounganisha kuta mbili unaifungulia njia.

Kitu cha nyuzi kinachotumika sana duniani ni sufi ya kioo au ya mawe. Huku Kilosa tuna mkonge, mashamba yapo Kimamba na kwingine. Nyuzi za mkonge zilizokaushwa vizuri zinafaa kutuliza mwangwi, na magunia ya mkonge yaliyokunjwa tabaka nyingi pia. Ila yawe makavu, yasigusane na ukuta wenye unyevu, na yakae mbali na moto.

SOMO LA 6: MOTO. HAPA SITANII

Sponji ya godoro inashika moto haraka na moshi wake ni sumu. Tarehe 20 Februari 2003, kwenye ukumbi wa The Station, Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia kelele. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, ukumbi wa Kiss huko Santa Maria, Brazili, ikawa vilevile: fataki, sponji ya darini, moshi. Watu 242 walikufa, wengi vijana.

Utasema mimi sina fataki. Lakini una mshumaa umeme ukikatika. Una dawa ya mbu ya kuchoma. Una chaja ya bei rahisi na soketi imefunikwa na sponji. Na chumba chenyewe umekiziba kila mahali, mlango mmoja. Mimi nilibandua sponji zote zilizokuwa karibu na soketi na taa siku ileile niliyojua habari hizi. Usifunge mlango kwa ufunguo ukiwa ndani, usiingize jiko la mkaa chumba kilichozibwa, na kila baada ya dakika 20 fungua, toka, pata hewa. Joto la Mikumi lenyewe litakukumbusha.

SOMO LA 7: YA BURE KABLA YA YA KULIPIA

Sogea kwenye maiki. Ukipunguza umbali kati ya mdomo na maiki kwa nusu, sauti yako inaongezeka kama desibeli 6 wakati kelele inabaki palepale. Yaani umepata kazi ya kuongeza uzito wa ukuta mara mbili, bila mfuko wa saruji. Simu ikae kama shibri moja, kwa pembeni kidogo ili pumzi isipige.

Badili chumba. Cha nyuma, mbali na barabara, kina ukuta mmoja wa ziada uliokwisha kulipiwa.

Tumia mzigo wako. Unauza nguo? Rekodi katikati ya nguo zilizotundikwa. Vitenge, mashuka, mapazia, yote yanatuliza mwangwi na bado unayauza kesho.

Jua saa zako. Rekodi dakika moja ya ukimya asubuhi, mchana, usiku, kwa siku tatu, usikilize. Kwangu barabara inabeba malori ya Tunduma, Zambia na Kongo usiku na mchana, na ya Ifakara yanakata kona hapahapa mjini. Lakini nimegundua kuna dakika kumi, kumi na tano, zinazotulia. Nazisubiri nikiwa nimeshaandika maneno yangu.

MWISHO ULIKUWAJE

Nilimwomba yule mteja wa Kilosa wiki tatu, nikamwambia ukweli kuwa hela yake ipo kwenye ukuta. Akanyamaza, akasema sawa. Nilipotuma upya akasikiliza, akajibu: "Sasa hapa ndio tunaelewana dada." Ila matangazo sita alikuwa ameshampa mtu mwingine. Kwa hiyo ile 90,000 ikaishia kwenye sita zangu, sikupata shilingi mpya. Kikoba nilimaliza mwezi mmoja nyuma na faini nikalipa. Lakini mteja amebaki wangu, na alinirudia baadaye kwa matangazo mengine.

Mvua bado inanishinda. Dari sijaweka. Ikinyesha, sirekodi, najibu wateja na kuhariri. Lengo langu linalofuata ni silingi ya jipsamu tabaka mbili, na safari hii nitaiweka kwa faida, sio kwa mkopo.

Ukikumbuka mpangilio mmoja tu kwenye posti hii, ukumbuke huu: kwanza badili chumba, saa na umbali wa maiki, maana ni bure. Pili ziba matundu. Tatu ongeza uzito, kuanzia mlango na dirisha. Nne ndipo utulize mwangwi, kwa nguo na mablanketi. Sponji nzuri ya picha ni ya mwisho kabisa, na sio lazima.

Leo usiku chukua tochi, zunguka nyumba yako. Kesho niandikie hapa chini umekuta alama ngapi za chaki. Na kama una mwenzako anayetaka kukopa kwa ajili ya sponji, mtumie hii kabla hajafika dukani.